Faida ya Kitengo cha Taa

Mkurugenzi alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililoifanya kazi iwe ngumu. Angekuwa na kiburi, Bi Hesabu angejua pa kuanzia. Lakini binti huyu, mjukuu wa Mzee aliyekianzisha kiwanda, aliinuka kitini mkuu wake wa hesabu alipoingia, akampa shikamoo, akamvutia kiti na kumuuliza goti linaendeleaje. Ndipo akafungua taarifa ya mwaka, akapita sabuni, akapita ndoo, akapita magodoro, akafika ukurasa wa kitengo cha taa. Kidole chake kilisimama kwenye mstari wa bati, ambapo palikuwa na sifuri.

"Shangazi," alisema, "hizi taa tunazitengeneza kwa hewa?"

Bi Hesabu alicheka kidogo, kwa sababu swali lilikuwa zuri, kisha akanyamaza, kwa sababu lilikuwa zuri mno. Sifuri ile ameiandika kwa mkono wake miaka ishirini na minane. Karani aliyemtangulia aliiandika pia, na aliyemtangulia huyo naye hakuwa na sababu ya kuibadilisha.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kitengo cha ndoo hukata bati, na kila bati likikatwa huacha pembe, nyingine za ukubwa wa kiganja, nyingine za ukubwa wa sinia. Tangu enzi za Mzee pembe hizo hupakiwa kwenye toroli, huvushwa uani na kumwagwa mlangoni kwa kitengo cha taa, nao huzigeuza kuwa taa za chemli. Mzee alisema mabaki hayana bei. Na kweli hayakuwa nayo, maana wakati huo hakuna aliyeyataka. Siku hizi kuna bwana mmoja wa chuma chakavu anakaa karibu na geti na mzani wake, ananunua kwa kilo na analipa papo hapo.

"Mabaki yana bei sasa," alisema Mkurugenzi. "Naomba uyatie bei, halafu uniletee upya taarifa ya vitengo vyote. Bodi inakaa baada ya siku kumi. Kitengo kinachojisimamia kitabaki. Kisichojisimamia tutakifunga, na watu wake tutawapa haki zao zote. Sipendi, shangazi, lakini siwezi kuendelea kuuza kitu ambacho sijui kinanigharimu kiasi gani."

"Ni haki yako," alijibu Bi Hesabu, na alimaanisha. Angekuwa yeye mkurugenzi, angesema hivyo hivyo, pengine bila kuulizia goti.

Siku kumi zilikuwa nyingi. Kesho yake, kabla chai ya saa nne haijaletwa, alikuwa ameshamaliza. Mzee hakupenda asilimia, yeye alisema "kila mia iliyoingia, zimebaki ngapi?", na kiwanda kizima kilisema hivyo mpaka leo. Kila mia iliyoingia kwa sabuni, zilibaki kumi na nne. Kwa magodoro, kumi na moja. Kwa ndoo, tisa, na sasa zingeongezeka, kwa kuwa mabaki yao yamepata thamani. Kwa taa, ambazo kwa sifuri ile zilikuwa zinabakiza mbili, kila mia iliyoingia zilitoka mia na kumi na nane. Alirudia hesabu mara tatu. Hesabu haikubadilika hata senti.

Kitengo cha taa kilikuwa na watu kumi na wawili, na msimamizi wao alikuwa baba yake mdogo.

Kabla ya Baba Mdogo, msimamizi alikuwa baba yake mzazi, Fundi Mkuu, Mungu amrehemu. Na Bi Hesabu, ambaye watu wengi kazini waliamini alizaliwa na kikokotoo mkononi, alijifunza kuhesabu kwa ajili ya kitengo hicho hicho. Kila mwaka palikuwa na Siku ya Kusomwa. Milango ya kiwanda ilifunguliwa, watoto waliruhusiwa kuingia na mama zao, na Mzee alipanda juu ya kreti la sabuni katikati ya uwanja, bila karatasi, akasoma matokeo ya vitengo kutoka kichwani. Watu wa kila kitengo walisimama na msimamizi wao mbele. Watoto walirushana juu ya rundo la mabaki ya sponji mpaka wakatulizwa kwa kofi moja au mawili. Harufu ya sabuni ilikuwa imejaa kila mahali, ile harufu kali ya sabuni ambayo haijapoa.

"Kila mia iliyoingia kwa sabuni," angesema Mzee, kisha angenyamaza. Alikuwa na uchokozi huyo mzee. Angejipangusa uso, angekohoa, angemuuliza mtu wa mbele kama mvua itanyesha. Watu wangeguna. Ndipo angesema namba, na sabuni wangepiga kelele.

Taa zilisomwa mwisho. Baba yake alisimama na shati lake jeupe la pekee, mikono nyuma, huku kidole gumba kimoja kikikwaruza kingine. Tatu. Mwaka mwingine mbili. Mwaka mmoja, Bi Hesabu alipokuwa darasa la tatu, Mzee alitamka nne, na baba yake, mtu ambaye hakuwahi kukimbia hata mvua ilipomnyeshea, aliruka, akamnyanyua na kumweka mabegani. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimuuliza swali lile lile. "Kila mia, mwanangu, tumebakiza ngapi?" Naye alijibu kutoka juu kule, "Nne, baba," na baba yake akajifanya hakusikia ili aulize tena.

Sasa, akiwa na karatasi mbele yake, alijiuliza kama nne ile ilikuwa nne kweli. Vitabu vya zamani vilikuwa kwenye kabati nyuma yake na ufunguo ulikuwa wa kwake. Hakuvifungua. Kuna hesabu ambazo mtu mzima huziacha zilivyo, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Alivuka uwanja kwenda kumwambia Baba Mdogo.

Kitengo cha taa kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya juu na meza mbili zilizochakaa kwa nyundo. Mafundi walikuwa wakikunja vitako vya taa, na mlio wa bati ulikuwa ule ule. Baba Mdogo alikuwa amekaa kwenye stuli aliyoachiwa na marehemu kaka yake, na chuma cha kulehemu mkononi, miwani puani. Alimzidi Bi Hesabu kwa miaka saba tu, lakini baba mdogo ni baba.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana? Nimekosa kusaini wapi?"

"Hujakosa. Nimekuja kukaa tu."

"Mhasibu haji kukaa tu," alisema Baba Mdogo, akamsogezea stuli.

Bi Hesabu alikuwa bado anatafuta maneno mlango ulipopigwa teke na Povu akaingia. Povu ni msimamizi wa sabuni, mtu wa miraba minne, sauti kama tangazo, na jina hilo alipewa siku ya kwanza ya kazi alipozidisha soda kwenye sufuria kuu na sabuni ikafura mpaka nje. Mkononi alikuwa na faneli kubwa iliyopasuka shingo.

"Nyinyi wauza giza," alisema. "Bado mpo hai?"

"Tupo," alisema Baba Mdogo bila kuinua macho. "Tunasubiri siku mtakayotengeneza sabuni ya kufua shati lako."

"Shati hili nimelichafua kwa moshi wenu."

"Moshi wetu una nafuu. Lete hiyo takataka."

Povu aliiweka faneli mezani, akachukua kikombe cha chai cha Baba Mdogo, akanywa nusu, akalalamika kwamba sukari haitoshi. Baba Mdogo alisafisha ufa, akapaka dawa, akapitisha chuma cha moto, akapuliza, akamimina maji ya kujaribia. Dakika kumi na mbili. Bi Hesabu alijikuta ameangalia saa, na alipoangalia saa akili yake ilifanya kile inachofanya siku zote.

Povu alichukua faneli, akaigongagonga kwa ukucha. "Mbovu, lakini nitavumilia," alisema, akatoka huku akiacha mlango wazi.

"Baba Mdogo," alisema Bi Hesabu, "hiyo kazi umeiandika wapi?"

"Kazi gani?"

"Ya faneli."

Baba Mdogo alimtazama kama vile ameuliza pumzi zake huziandika wapi. "Ni Povu yule, mwanangu."

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Pampu za sabuni, visu vya kukatia sponji, sindano ndefu za magodoro, meno ya mashine ya ndoo, makopo ya mafuta, vifuniko, mabomba, vyote vilipita kwenye meza zile mbili, na havikuandikwa popote. Mla cha mwenzie na chake huliwa. Taa walikula mabati ya wenzao, na wenzao walikula mikono ya taa, na pande zote mbili ziliandikwa sifuri. Kosa alilolikuta Mkurugenzi lilikuwa nusu ya kosa. Nusu ya pili haikuwa na daftari hata la kuiandikia sifuri.

Alimweleza Baba Mdogo yote, mwanzo mpaka mwisho. Mabaki, mia na kumi na nane, bodi, siku tisa zilizobaki. Mafundi waliokuwa karibu waliacha kugonga. Baba Mdogo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nimebakiza miaka miwili," alisema. "Mimi si neno. Hawa je?"

"Ndiyo maana nataka tuandike matengenezo. Kila kitengo kilipe kilichofanyiwa."

"Hapana."

"Baba Mdogo."

"Kaka alisema jirani hatozwi. Mwaka ule ndoo walipotaka kumlipa alikaa wiki nzima hawasalimii. Wewe ulikuwa mdogo, hujui. Kumwandikia jirani bei ni kumwambia asije tena."

"Mali bila daftari hupotea bila habari," alisema Bi Hesabu. Ulikuwa msemo wa kazini kwake, ameubandika ukutani, na alipousikia mdomoni mwake mbele ya stuli ya marehemu baba yake aliona aibu kidogo. Hata hivyo aliendelea. "Baba hayupo. Angekuwepo ningegombana naye yeye. Wewe upo, na una watu kumi na mmoja ambao wakitoka hapa hakuna anayewasubiri. Nani anatafuta fundi wa chemli siku hizi?"

Hilo lilimwingia. Taa za jua zilikuwa zimekula soko kwa miaka mitano mfululizo, na kila mtu chumbani alikuwa nayo moja nyumbani kwake, Baba Mdogo pia, ingawa yeye alisema ni ya wajukuu.

"Fanya unavyoona," alisema hatimaye. "Mimi siandiki. Na siendi kumwomba mtu."

Basi akaenda mwenyewe. Bahati ilimkuta mahali ambapo hakuna anayetafuta bahati, kwenye madaftari ya kusimama kwa mashine. Kila kitengo kina lake, limening'inizwa kwa kamba mlangoni, na kila mashine ikisimama mtu huandika saa, sababu na aliyeitengeneza. Huandikwa na yeyote mwenye kalamu, kwa mwandiko wa kila namna. "Pampu inavuja. Taa wamekuja. Dakika arobaini." "Kisu kimekatika. Taa wamekuja." "Sijui imekuwaje. Taa wamekuja." Bi Hesabu alisoma kurasa hizo na machozi yakamlengalenga, jambo ambalo halijawahi kumtokea kwenye daftari lolote. Mwaka mmoja tu, "Taa wamekuja" iliandikwa mara mia sita na tisini na moja.

Kazi hizo alizipa bei ambayo fundi wa mtaani angetoza, akampelekea kila msimamizi karatasi asaini kukubali. Msimamizi wa magodoro, mama mmoja mcheshi ambaye wote walimwita Mama Usingizi, alisaini akiwa amesimama. "Nilijua tu siku moja mtakuja," alisema. "Cha bure kina mwisho." Wa ndoo alisaini kwa sababu fedha za mabaki zilimfidia. Akabaki Povu, na sabuni ndiyo iliyokuwa na kazi nyingi kuliko wote.

Alimkuta kando ya sufuria kuu, akikoroga kwa macho huku wengine wakikoroga kwa mikono. Alimpa shikamoo, akampa karatasi, akamwacha asome. Povu alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Hii ikiingia, sabuni inabakiza ngapi?"

"Kumi na tatu."

Povu aliikunja karatasi, akaikunjua tena. Kiwanda kizima kilijua kwamba kitengo kinachofika kumi na nne hupewa mshahara wa wiki moja juu, na sabuni walikuwa watu mia na wanne. Walifika kumi na nne baada ya miaka mitatu ya kuikosa kwa nusu.

"Nitasimama pale uwanjani," alisema Povu, "uisome kumi na tatu, na watu wangu watanitazama mimi."

"Najua, mzee wangu."

"Na nisiposaini?"

"Nitasoma kumi na nne. Na Baba Mdogo ataondoka na sanduku lake la vyombo."

Povu alimwita kijana wa zamu, akamwambia apunguze moto, akavuta kreti na kukaa. "Baba yako," alisema, "aliwahi kuingia humu ndani." Akalionyesha sufuria kwa kidevu. "Lilipasuka limejaa. Tulilimwaga, likabaki la moto. Mzee akasema tusubiri siku tatu lipoe. Baba yako na huyu mdogo wake wakafunga magunia miguuni wakaingia siku hiyo hiyo, wakalehemu kwa zamu. Walitoka mikono imevimba. Nilikuwa nimeanza kazi majuzi tu, na kosa lilikuwa langu. Ningefukuzwa. Wiki iliyofuata nikamtumia baba yako noti mbili kwenye bahasha. Unajua alifanya nini?"

"Hakuzipokea."

"Alinirudishia bahasha yangu. Nilipoifungua, nikakuta noti tatu. Akaniambia, ukinitukana tena nitaongeza mbili." Povu alicheka, kicheko kikaishia njiani. "Sikumtukana tena."

Alisaini. Sahihi yake ilikuwa kubwa na ya mbwembwe, lakini siku hiyo aliiandika ndogo.

"Watu wangu nitawaambia mwenyewe," alisema. "Usije ukawasomea ghafla."

Mkurugenzi alisoma taarifa mpya siku moja kabla ya bodi. Bi Hesabu alikuwa ameugawa ukurasa wa taa mistari miwili, kwa kuwa hakujua kuandika uongo hata pale uongo ungemfaa. Mstari wa kwanza ulikuwa taa zenyewe, na hapo kila mia iliyoingia zilitoka mia na kumi na nane. Mstari wa pili ulikuwa matengenezo, na kila mia iliyoingia zilibaki thelathini na moja. Kwa pamoja, kitengo kilibakiza kumi na tano, kuliko vitengo vyote.

Binti yule alirudia mistari ile miwili kwa kidole. Kisha alimtazama kwa heshima ya kweli.

"Shangazi, hiki si kitengo cha taa. Hii ni karakana. Imekuwa karakana tangu lini?"

"Sijui," alisema Bi Hesabu. "Labda tangu mwanzo."

Bodi iliamua bila mabishano. Watu wote kumi na wawili wabaki. Kitengo kiitwe Karakana. Taa zitengenezwe mpaka vioo na tambi zilizopo ghalani viishe, kisha basi. Na kila kazi iwe na fomu na bei, ili mwakani mkuu wa hesabu asilazimike kusoma madaftari ya mlangoni. Ndicho alichokiomba na ndicho alichopewa. Aliporudi ofisini kwake alifunga mlango, akakaa, na badala ya furaha peke yake, furaha ikaja na mwenzake.

Siku ya Kusomwa aliisoma yeye, kama alivyofanya tangu Mzee alipofariki. Kreti la sabuni lilikuwa bado linatumika, ingawa siku hizi kuna kipaza sauti na hakuna anayeuliza kuhusu mvua. "Kila mia iliyoingia kwa sabuni, kumi na tatu." Povu alikuwa amewaambia, kama alivyoahidi. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja wa kitengo hicho alisonya, taratibu, si kwa ubaya, kama mtu aliyekumbuka ada ya mtoto. Povu alitazama mbele.

Karakana walisomwa mwisho. "Kumi na tano," alisema kwenye kipaza sauti. Kitengo cha baba yake kimekuwa cha kwanza, kwa mara ya kwanza, bila jina la taa, kazi ya baba yake. Watu walipiga makofi, yale ya adabu. Baba Mdogo alisimama mbele ya watu wake kumi na mmoja, kwenye shati jeupe, akatafuta pa kuweka mikono yake. Bi Hesabu alimtamani baba yake pale, hata kwa dakika moja, ingawa hakuwa na hakika angeruka.

Miezi mitatu baadaye alipita karakana asubuhi kukusanya fomu za mwezi. Zilikuwa safi, zimepangwa kwa tarehe. Baba Mdogo ameshajifunza, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa makarani. Kazi zilikuwepo za kutosha, lakini zilikuja kwa mafungu, maana vitengo vilikuwa vinakusanya vitu vibovu wiki nzima na kuvituma mara moja na toroli. Chumba kilikuwa kimya zaidi. Aliketi kwenye stuli, akapewa chai.

Hodi ilibishwa mlangoni. Wakakaribisha, na Povu akaingia, na kopo la kupimia linalovuja pembeni. Kwa namna alivyolishika, Bi Hesabu alijua alikuwa ameamua kuja mwenyewe kwa makusudi.

"Nyinyi wauza..." alianza Povu, akakumbuka kwamba giza nalo hawaliuzi tena. "Habari za hapa?"

"Nzuri," alisema Baba Mdogo. "Karibu kiti."

Kopo lilichukua dakika tano. Povu hakugusa chai ya mtu. Alisimama akitazama kuta, pale taa zilipokuwa zikitundikwa, na sasa kuna orodha ya bei. Baba Mdogo alijaribia kwa maji, akalifuta kopo kwa kitambaa, akaliweka mezani. Halafu akavuta kitabu cha fomu.

"Jina la mteja," alisoma, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.

Povu aligeuka. "Mteja ni nani?"

"Ni wewe, bwana."

"Mimi?"

"Fomu ndiyo inasema. Hakuna pengine pa kukuandika."

Povu alimtazama Bi Hesabu, si kwa lawama, afadhali ingekuwa lawama. Yeye ndiye aliyeichora fomu ile, mistari yote sita. Aliinamia kikombe chake. Baba Mdogo aliandika "Sabuni," akaandika dakika tano, akaandika bei, akageuza kitabu. Povu alivaa miwani na kuikagua ile bei, kama anavyopaswa msimamizi mwenye watu mia na wanne nyuma yake. Akasaini, akachana nakala yake, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni.

"Asante, fundi," alisema. Akatoka, na mlango akaufunga polepole.

Baba Mdogo alibaki ameshika kalamu, macho mlangoni.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, Baba Mdogo."

"Miaka thelathini na minne," alisema Baba Mdogo. "Hajawahi kunishukuru."